Gemu za 2024 kwa macho ya mafundi wake

Machi 2025, mjini San Francisco, watengenezaji wa gemu waliutazama mwaka uliopita na kuipa tuzo yao kuu kazi ya mtu mmoja asiyetaka kujulikana. Jina analotumia ni LocalThunk, anaishi Saskatchewan nchini Kanada, na gemu yake, Balatro, ni mchezo wa karata. Mwezi mmoja kabla, Las Vegas, taasisi nyingine ya watu wa fani hiyohiyo ilikuwa imeichagua Astro Bot ya Team Asobi, studio ya Tokyo iliyo chini ya kampuni ya Sony.

Orodha za mafundi hunivutia kuliko za wachambuzi. Fundi cherehani akishika shati la mwenzake, hugeuza ndani aone mshono. Watu hawa wanajua gharama ya kila kitu kinachopita kwenye kioo: mruko wa mhusika, mlio wa sarafu, mlango unaofunguka. Wanapopenda kitu, wanapenda uamuzi uliofanyika nyuma yake.

Chukua Balatro. Unapewa karata 52 na kiwango cha alama cha kufikia, basi. Karata mbili za mfalme zina thamani ya 10 kila moja, na jozi yenyewe inaongeza 10. Jumla ni 30, ambayo huzidishwa kwa 2 na kuwa 60. Kituo cha kwanza kinataka 300, na una nafasi nne tu za kushusha karata. Hapo ndipo anapoingia jokari. Jokari wa kawaida kabisa huongeza 4 kwenye kizidishi, na jozi ileile iliyoleta 60 sasa inaleta 180. Wako jokari 150. Mmoja hujali kopa tu, mwingine hunenepa kadiri unavyotupa karata, na hakuna anayekuambia nani akae na nani. Unawapanga mwenyewe, unakosea, unarudi mwanzo, hadi usiku mmoja mpangilio wako unakubali na alama zinaruka kutoka mamia hadi mamilioni.

LocalThunk alianza kuitengeneza mwishoni mwa 2021 kama burudani ya wakati wa mapumziko, akiiandika kwa Lua, mojawapo ya lugha nyepesi za kompyuta. Ameeleza kwamba alijizuia kucheza gemu za aina hiyo kwa makusudi, ili makosa yawe yake na suluhisho liwe lake. Balatro ilitoka Februari 2024, na kufikia Januari 2025 nakala zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. Toleo la simu lilitoka Septemba 2024, na kwangu mimi simu ndiyo makao yake halisi: kituo kimoja kinamalizika kabla daladala haijajaa.

Mwaka ulipokwisha, LocalThunk naye alitaja gemu alizozipenda. Juu kabisa aliiweka Animal Well, kazi ya Billy Basso wa Chicago, fundi mwingine aliyefanya kazi peke yake. Basso alitumia takriban miaka saba, na hata injini ya gemu aliiunda mwenyewe. Matokeo yake ni kitu kisichofika megabaiti 40, kidogo kuliko programu nyingi zilizomo kwenye simu yako.

Ndani yake wewe ni kidoa kidogo chenye macho, ndani ya mapango yenye giza na wanyama. Huna upanga wala bunduki. Unaokota yoyo, kijiti cha kupulizia mapovu, filimbi, na kila kitu kina matumizi zaidi ya yale uliyoyagundua kwanza. Povu ulilolipuliza kwa mchezo linageuka ngazi. Kuna mayai 64 yaliyofichwa, na chini ya mafumbo hayo kuna mengine ambayo mtu mmoja hawezi kuyafumbua. Picha moja ukutani iliwalazimu wachezaji waliotawanyika duniani kuunganisha vipande walivyokuwa navyo. Sijaona mwaka ule heshima kubwa kuliko hiyo kwa akili ya mchezaji.

Astro Bot ina fedha za kampuni kubwa nyuma yake, lakini timu iliyoiunda ilikuwa ya watu kama 65 tu, idadi ndogo kwa gemu za kiwango hicho. Karibu kila hatua ina wazo lake jipya, na wazo huondoka kabla hujalichoka. Ni rahisi kuelewa kwa nini mafundi waliipenda.

Mimi ningeongeza gemu moja kwenye meza yao, na naiongeza kwa moyo wote: Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya na mwanzilishi wa Surgent Studios. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake, na kutokana na hadithi ambazo baba huyo alikuwa akimsimulia. Zau ni kijana mganga anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumtaka amrudishie baba. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kila kimoja kina namna yake ya kupigana. Katikati ya safari hukaa chini ya mbuyu na kuzungumza kuhusu uchungu wake, na gemu inamwachia muda wa kufanya hivyo.

Ina kasoro. Mapambano hujirudia, na wapenzi wa gemu za kuzunguka mapangoni kama Animal Well watayaona mapango yake ni mepesi. Mauzo nayo hayakutosha: Julai mwaka huohuo studio ililazimika kupunguza wafanyakazi. Hata hivyo, Aprili 2025 BAFTA, taasisi ya tuzo ya Uingereza, iliipa tuzo ya gemu inayovuka mipaka ya burudani, na ilistahili.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuitafuta. Wahusika wake wanaweza kuzungumza Kiswahili, kwa sauti za waigizaji, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto anayelumbana na mauti kuhusu baba yake, kwa lugha ambayo sisi tunaomboleza kwayo, ni jambo ambalo gemu chache sana zimewahi kutupa. Inapatikana kwenye kompyuta, PlayStation 5, Xbox na Nintendo Switch. Badilisha lugha ya sauti kwenye mipangilio kabla hujaanza, usikose mazungumzo ya kwanza.