Namna Bakteria Wanavyopora Sukari ya Mpunga

Ugonjwa wa bakteria unaonyausha majani ya mpunga huanza na michirizi ya manjano kwenye kingo za jani, ambalo hatimaye hukauka na kuwa jeupe. Ni rahisi kudhani kuwa mmea umekosa maji au mbolea, ilhali unaporwa sukari yake, tena kwa kutumia jeni zake wenyewe.

Bakteria hao, Xanthomonas oryzae, hupenya kupitia majeraha na vitundu vya asili vya jani, kisha huishi ndani ya mirija ya maji, ambamo chakula ni haba. Kwa kifaa chenye umbo la sindano, huingiza protini zao ndani ya seli. Protini hizo hufika katika kiini cha seli, hushika sehemu maalumu iliyo mbele ya jeni ziitwazo SWEET na kuziwasha. Kazi ya jeni hizo ni kutoa sukari nje ya seli. Zikishawashwa, sukari humwendea mvamizi.

Baada ya bakteria wenye asili ya Asia kugunduliwa Dakawa, mkoani Morogoro, mwaka 2019, watafiti walihariri sehemu hizo katika mbegu ya Komboka. Protini zilikosa pa kushika, na mimea ya majaribio ikahimili ugonjwa.

Kwa mkulima aliye shambani leo, dawa ya ukungu haiui bakteria hao. Kinachosaidia ni mbegu safi, kuondoa masalia ya mavuno na kutozidisha mbolea ya naitrojeni, ambayo huuchochea ugonjwa.