Simba wa Kitengela na nyama ya Arusha: sheria inakobadilika njiani

Lori la vitunguu linalotoka Arusha kwenda Nairobi huvuka mpaka Namanga, likapita Kajiado na Isinya hadi Kitengela. Hapo, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba za kupanga, simba hawako mbali.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 na uzio pande tatu. Kusini kuna Mto Mbagathi tu. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huuvuka kufuata malisho ya tambarare za Athi-Kapiti, na simba huwafuata. Zamani walikuta nyasi. Siku hizi wanakuta viwanja, seng'enge na mazizi. Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita baada ya mbuzi na kondoo wao kuliwa. Machi 2016, simba mwingine alifika Isinya, akamjeruhi mtu, naye akapigwa risasi na askari wa wanyamapori.

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haiishii kwenye uzio. Simba aliyeingia shambani bado analindwa, na kumuua kwa kisasi ni kosa. Mwananchi naye ameahidiwa fidia: shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Ila mwenye mifugo lazima awe amechukua hatua za kuilinda. Richard Turere, mtoto wa Kitengela, alijulikana kwa kufunga taa za kumwekamweka kuzunguka zizi la baba yake, akitumia betri ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki.

Fidia yenyewe huchelewa, na ada ya shule haingoji. Ng'ambo ya pili, Tanzania haisemi fidia. Inasema kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa uhai. Ni pole ya serikali, si deni, na mfugaji wa Longido anaijua tofauti hiyo kuliko mwanasheria.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kuangalia zaidi ni nyama. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2020, inaruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyamapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kukutwa na nyama ya mnyamapori ni kosa. Kwa hiyo kifurushi kilichonunuliwa kihalali Arusha, tena kwa risiti, kinaweza kumfikisha mwenye lori mahakamani Kajiado.

Vivyo hivyo kwa swala aliyegongwa usiku. Dereva asimpakie, hata kama ameshakufa. Atoe taarifa kwa shirika la wanyamapori, KWS, au kituo cha polisi kilicho karibu.