Aliyeponywa naye alikaguliwa



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, baada ya misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya yetu alinifuata sakristia. Aliacha uuguzi mwaka 2004 ili amhudumie mama mkwe aliyepooza. Wakafuata watoto, kisha mume akafariki. Leseni yake ilikuwa imekwisha zamani. Sasa ada za shule zimembana, anataka kurudi wodini. "Baba, niandikie barua tu. Kwa barua yako hawatanikatalia."

Nikaandika. Nilimsifu kwa uaminifu na huruma, na yote yalikuwa kweli. Sista anayesimamia wauguzi kule alikoipeleka alinipigia simu siku ileile. "Padre, akija kwako padre aliyekaa miaka yote hiyo bila ruhusa ya askofu, ana barua yangu mkononi, utamweka kitini aungamishe watu?"

Nilinyamaza. Sheria ya Kanisa naijua: isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa, daraja peke yake halitoshi. Padre anahitaji pia mamlaka ya kuungamisha.

Tazama yule mwenye ukoma katika Marko, sura ya kwanza. Yesu amemgusa, ngozi imetakata. Bado anatumwa kwa kuhani akakaguliwe, kama Walawi 14 inavyoagiza. Yesu hana shaka na uponyaji wake. Lakini wapo watu watakaokaa na mtu huyu na kula naye, nao wana haki ya kujua. Mimi nilimfikiria mama yule tu. Sikumfikiria mtoto mwenye degedege atakayeletwa mikononi mwake usiku wa manane.

Alipoacha kazi, malaria ya kawaida ilitibiwa kwa SP. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Kwa malaria kali alizoea kutundika dripu ya kwinini. Leo ni sindano ya artesunate, unga unaochanganywa papo hapo kabla ya kuchoma. Hata Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ilitungwa yeye akiwa nyumbani. Moyo wa huruma haujui dozi.

Ilinibidi nimrudie, nimwombe radhi. Alikasirika, sitaficha. Akaniuliza ni nani aliyekuwa akimgeuza mama mkwe usiku kucha asipate vidonda vya mgongo. Sikuwa na jibu, na sidhani kama lilihitajika.

Baada ya wiki mbili alichukua vyeti vyake akaenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. (Msomaji mwenye vyeti kabatini, anza huko, usianze na paroko.) Alielekezwa afanye kwanza mazoezi chini ya usimamizi. Anayemsimamia ni binti wa umri wa mwanawe. Siku ya kwanza binti alimwita "mama" na kuona haya kumsahihisha. Yeye akamwambia, "Hapa niite mwanafunzi. Nionyeshe tena unavyochanganya."

Jumapili iliyopita sikumwona misa ya kwanza. Mwanawe aliniambia yuko zamu ya usiku, bado hajatoka.