Mwigo wa Tarakilishi katika Uchunguzi wa Ulaji na Unene wa Watoto: Mfano wa Magunga

Makala haya yanafafanua jinsi mwigo wa tarakilishi unavyoweza kutumiwa kuchunguza ulaji na unene wa kupindukia wa watoto, kwa kurejelea Magunga, mji wa soko katika eneo la Suba, Kaunti ya Homa Bay.

Mwigo ni kielelezo cha kihisabati kinachomwezesha mtafiti kuyajaribu mabadiliko kabla ya kuyapeleka kwa watu. Mbinu mojawapo, iliyoasisiwa na Jay Forrester nchini Marekani katika miaka ya 1950, huuchukulia mfumo kama ghala lenye akiba, kinachoingia na kinachotoka. Kwa mtoto, akiba ni uzito. Kinachoingia ni nishati ya chakula. Kinachotoka ni nishati ya kutembea, kucheza na, tofauti na mtu mzima, kukua.

Kwa mfano, soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani kilokalori 120 hivi. Mtoto akiinywa kila siku juu ya mlo wake wa kawaida, ghala hujaa. Akiinywa badala ya omena, nishati yaweza kubaki ilevile, ilhali protini na kalsiamu hupungua. Uzito pekee hautaifichua hasara hiyo.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 3 walikuwa na uzito uliozidi. Hivyo basi, kielelezo kilichoundwa kwingineko kupambana na unene tu, kikiletwa Magunga bila kurekebishwa, chaweza kupendekeza kupunguza chakula pale panapohitajika chakula bora. Aidha, sharti kizingatie soko: sehemu kubwa ya omena wa Ziwa Viktoria hutengenezewa chakula cha mifugo, nayo bei humfikia mtoto mezani.

Mwisho, kielelezo hutegemea majibu ya wazazi. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "chakula" aghalabu humaanisha ugali na kitoweo; mandazi na soda ya njiani havihesabiwi. Mtafiti akiuliza tu mtoto amekula nini, tarakilishi itakokotoa kwa usahihi jibu lisilo kamili. Swali likikosewa, hesabu haiwezi kulisahihisha.