Kidonda cha ngiri kikikauka, jembe lisubiri

Mkulima wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, akiambiwa afanyiwe upasuaji wa ngiri, swali lake la kwanza huwa moja: "Nitashika jembe lini?" Ana haki ya kuuliza, maana mvua za Oktoba hazimsubiri mgonjwa. Lakini akiharakisha jembe, ngiri inaweza kurudi.

Ngiri hutokea ukuta wa misuli ya tumbo unapolegea na kuacha uwazi, kisha utumbo au mafuta ya tumboni yakajipenyeza na kufanya uvimbe. Huonekana kwenye kinena, kitovu au kovu la upasuaji wa zamani. Mara nyingi uvimbe hutokeza mtu akikohoa au akibeba mzigo, na hurudi ndani akilala. Wengi huichanganya na busha, lakini busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani.

Katika upasuaji, utumbo hurudishwa ndani na uwazi huzibwa kwa nyuzi, mara nyingi pamoja na wavu maalumu.

Ngozi hudanganya

Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Maumivu hupungua na mgonjwa hujiona mzima. Ukuta wa ndani, hata hivyo, huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa.

Anza kutembea taratibu siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu kutembea husaidia kuzuia damu kuganda miguuni. Kwa wiki nne hadi sita, usinyanyue kitu kizito kuliko dumu la maji la lita 5. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo waachie wengine. Jembe, shoka na baiskeli ya mizigo visubiri angalau wiki sita, na kama ngiri ilikuwa kubwa au ya kwenye kovu, karibu miezi mitatu. Daktari aliyekupasua ndiye atakayekuruhusu. Mama mwenye mtoto mdogo aketi kwanza, kisha mtoto aletwe mapajani.

Kukohoa na kujikamua chooni nako husukuma mshono. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani na papai, na acha sigara. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kabla ya upasuaji.

Waliopunguza uzito kwa upasuaji

Huduma za kupunguza uzito sasa zinatolewa nchini, ikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila. Baadhi ya waliopasuliwa hupata ngiri kwenye kovu, au ngiri iliyokuwa imefichwa na mafuta huonekana wanapopungua. Kama haileti dalili za hatari, mara nyingi husubiriwa hadi uzito utulie.

Tumbo lao la chakula ni dogo na kidonda kinahitaji protini. Hivyo waanze na dagaa, yai au maharage yaliyoiva vizuri, ugali ufuate. Vidonge vya vitamini na madini walivyoandikiwa wasiviache.

Wasijinunulie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini dukani, kwa sababu zinaweza kuwaletea vidonda vya tumbo, hasa wale ambao utumbo wao uliunganishwa upya. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi.

Hao walioungwa utumbo wanaweza pia kupata ngiri ya ndani, hata miaka kadhaa baadaye. Hii haina uvimbe wa nje. Dalili yake ni maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula. Mwambie daktari wazi kwamba ulipasuliwa kupunguza uzito.

Kwa wazazi

Kitovu cha mtoto kilichotokeza mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka mitano. Usikifunge kwa sarafu wala kitambaa. Uvimbe wa kinena kwa mtoto haujifungi. Mpeleke hospitali mapema, kwa sababu kwa mtoto mchanga utumbo hunaswa kwa urahisi.

Usisubiri kuche

Kama una ngiri, au umeshapasuliwa, nenda hospitali mara moja ukiona uvimbe mgumu wenye maumivu usiorudi ndani, kutapika mfululizo, au tumbo kujaa bila kupata choo wala kupitisha upepo. Utumbo ulionaswa unaweza kuoza ndani ya saa chache. Baada ya upasuaji, homa, usaha, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba au kupumua kwa shida navyo havisubiri.

Kwa mtu mzima ambaye ngiri yake haina dalili hizo, zungumza na daktari kuhusu kupasuliwa Juni au Julai, baada ya mavuno. Ukifanya hivyo, mvua zikianza ukuta wa tumbo utakuwa umepata miezi yake mitatu. Na kabla ya siku ya upasuaji, kubalianeni nyumbani nani atachota maji na nani atapasua kuni.