Udongo Mweusi wa Mwea: Jinsi Tabia Yake Inavyopimwa

Mtu ateremkaye kutoka Kerugoya, akapita Kutus na kufika Wang'uru, huanza safari yake juu ya udongo mwekundu na kuimaliza juu ya udongo mweusi. Huko juu, penye chai na kahawa, udongo hulimika bila taabu hata kama mvua ilinyesha jana. Huku chini mambo ni mengine. Wakati wa kiangazi, mahali pasipofikiwa na mfereji, uwanda wa Mwea hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huweza kuingia. Mvua ikinyesha siku chache nyufa hizo hufumba, na udongo uleule uliokuwa mgumu kama tofali hunata kwenye jembe na kushika gurudumu la gari. Katika Kenya watu wengi huuita udongo mweusi wa pamba. Katika Tanganyika mabonde yenye udongo wa namna hiyo yaliitwa mbuga, na neno hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo ulimwenguni.

Weusi huo umewapotosha wengi. Mkulima aliyezoea udongo wa msituni, uliopata rangi yake kwa majani yaliyooza, huamini kwamba weusi ni dalili ya rutuba, na akipata ekari mbili za uwandani hujiona amebahatika. Hupanda mahindi. Masika yakiwa makubwa, maji hutuama, mizizi hukosa hewa na majani hugeuka manjano. Masika yakiwa haba, mahindi hunyauka, ilhali udongo ukichimbwa bado una unyevu. Mambo hayo mawili huonekana kama yanapingana, na jicho peke yake haliwezi kuyapatanisha. Kwa hiyo wataalamu, kabla ya kuupa udongo jina na kumshauri mwenye shamba, hukusanya habari za namna tatu: za maabara, za maji, na za hali ya hewa.

Kazi huanza kwa jembe na sururu. Shimo huchimbwa lenye kina cha mita moja na nusu hivi, na mpimaji huingia ndani yake akautazama ukuta tangu juu hadi chini. Rangi haandiki kwa kukisia. Huchukua donge la udongo na kulilinganisha na vipande vya rangi vilivyomo katika kitabu cha Munsell, kitumiwacho na wapimaji wa nchi zote. Katika udongo mweusi wa uwandani hutafuta ishara mbili zaidi. Ya kwanza ni nyuso laini zenye kung'aa, zilizolala mshazari ndani ya udongo, kana kwamba mfinyanzi amezisugua kwa kokoto. Nyuso hizo hutokea udongo unapovimba na mapande yake kusukumana na kuteleza, moja juu ya jingine. Ishara ya pili ni chembe ngumu nyeupe za chokaa, ambazo mara nyingi huonekana chini zaidi. Palipo na chembe hizo, ni dhahiri kwamba mvua haikuwa na nguvu ya kuiosha chokaa na kuiondoa.

Jambo hilo la kuosha ndilo linaloeleza kwa nini udongo ubadilike njiani. Geoffrey Milne, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, huko Usambara, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni hufuatana kwa utaratibu, kama pete za mnyororo mmoja, na akauita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Juu, mvua nyingi huosha chokaa na madini mengine mepesi, na udongo hubaki na chuma kinachoutia wekundu. Yaliyooshwa huteremka na maji na kukusanyika mahali palipo tambarare, na humo ndimo udongo mweusi wa mfinyanzi huumbika. Aliyezaliwa mlimani na aliyezaliwa uwandani wanalima pete mbili za mnyororo huo.

Sampuli zikifika maabara huanikwa kivulini, husagwa taratibu na kuchekechwa kwa chekecheke yenye matundu ya milimita 2. Kisha hutafutwa kiasi cha mchanga, cha vumbi laini, na cha mfinyanzi. Udongo uliopimwa uzito hukorogwa katika maji yenye dawa ya kuzitenganisha chembe, ukatiwa katika chupa ndefu ya kioo na kuachwa utuame. Mchanga ni mzito, nao huzama katika muda wa sekunde 40 tu. Mfinyanzi, ambao chembe zake hazifikii milimita 0.002, huelea hata baada ya saa mbili, na kipimo kiitwacho haidromita huonyesha ni kiasi gani kingali kinaelea. Udongo hauhesabiwi kuwa wa aina hii ikiwa mfinyanzi haufikii asilimia 30. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea mara nyingi mfinyanzi hupita nusu ya udongo wote.

Lakini wingi wa mfinyanzi hautoshi. Udongo mwekundu wa mlimani nao una mfinyanzi mwingi, na wala haupasuki. Tofauti imo katika aina ya mfinyanzi. Ule wa udongo mwekundu zaidi ni kaolini, ambao tabaka zake zimeshikamana na maji hayawezi kupenya kati yake. Ule wa udongo mweusi ni smektaiti, na tabaka zake ni kama kurasa za kitabu kisichoshonwa: maji huingia kati ya kurasa na kitabu kikanenepa, na yakitoka kikakonda. Maabara hupima unene huo kwa kulinganisha donge likiwa na maji na donge hilohilo likiwa kavu. Udongo ambao fimbo yake yenye urefu wa sentimita 10 hurefuka kwa milimita 6 au zaidi ikinywa maji ni udongo wa hatari kwa kuta za nyumba, na udongo mweusi wa pamba kwa kawaida huufikia mpaka huo au kuupita.

Smektaiti hiyo ina wema wake pia. Kilo moja ya kaolini huweza kushika chakula cha mimea, yaani chokaa, magnesia, potashi na vinginevyo, kwa kipimo cha sentimoli 3 hadi 15. Kilo moja ya smektaiti hushika 80 hadi 150. Kwa sababu hiyo cheti cha maabara cha shamba jeusi huwa na tarakimu za kupendeza katika safu hizo. Mwenye shamba asifurahi upesi, bali asome na safu ya nitrojeni, kwa maana hapo ndipo weusi unapoumbuliwa. Rangi hutokana na masalio machache ya mimea yaliyogandamana na mfinyanzi kwa nguvu sana, na machache hayo hutosha kuutia udongo wote weusi, kama tone la wino katika bakuli la maji. Nitrojeni kwa kawaida ni haba, na fosforasi mara nyingi vilevile. Udongo mwekundu wa mlimani, pamoja na wekundu wake, huenda ukawa na masalio ya mimea mengi zaidi.

Baada ya hayo hufuata habari za maji. Pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, hugongomelewa ardhini, zikajazwa maji, na mpimaji huketi na saa akitazama yanavyoshuka. Katika udongo mweusi uliokauka maji ya kwanza hutoweka kwa haraka ya kushangaza, maana hukimbilia katika nyufa. Mpimaji asiye mvumilivu angeondoka hapo na kuandika kwamba udongo huu hunywa maji upesi. Akikaa saa kadhaa ataona nyufa zikifumba na maji yakisimama karibu kabisa, na tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo impasayo mkulima wa mpunga.

Kipimo kingine hufanywa katika maabara, kwa kuukamua udongo ndani ya chombo cha hewa yenye msukumo. Msukumo unaofikia mara 15 ya uzito wa hewa ya kawaida huchukuliwa kuwa mwisho wa nguvu ya mizizi. Maji yanayobaki baada ya hapo mmea hauwezi kuyanyonya. Udongo mweusi wa namna hii, wenye kilo 100 ukiwa mkavu, huweza kubakiza kilo 40 hivi za maji baada ya yale ya ziada kuchuruzika, lakini katika hizo kama kilo 25 hushikwa na mfinyanzi wala haziachiliwi. Basi fumbo la mahindi yanayonyauka juu ya udongo wenye unyevu limefumbuliwa: maji yamo, ila si ya mmea.

Habari za tatu ndizo zinazodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa hazipatikani kwa siku moja. Katika vituo vya hali ya hewa mvua husomwa kila siku saa tatu asubuhi, na karatasi ya mwaka mmoja haina maana mpaka iwekwe pamoja na za miaka mingi. Mwea hupata kama milimita 950 kwa mwaka, karibu inchi 37, na sehemu kubwa huanguka Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Tarakimu hiyo ikisomwa peke yake, mtu angesema mahindi yatafaa. Lakini jua nalo lina hesabu yake. Kwa kanuni iliyotolewa na Woodhead mwaka 1968, inayohusisha mvuke wa maji na kimo cha mahali katika Kenya, mahali penye kimo cha mita 1,160 hivi, kama Mwea, maji yaliyo wazi hupoteza karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua basi haifikii nusu ya kile ambacho jua laweza kukichukua, na katika mgawanyo wa hali ya hewa wa Kenya mahali pa namna hiyo huwekwa katika eneo la nne, lililo kati ya unyevu na ukame.

Hapa ndipo habari hizo tatu zinapohitajiana. Mpimaji akisimama katika shamba la mpunga lililofurika maji mwezi wa Agosti haoni ufa hata mmoja. Akiandika alichokiona, ataupa udongo jina lisilo lake. Udongo huu wa kuvimba na kupasuka huitwa Vertisoli, na katika utaratibu wa Kimarekani Vertisoli hugawanywa kwa hesabu ya siku ambazo nyufa huwa wazi katika mwaka. Kanuni yenyewe husema wazi kwamba siku hizo zihesabiwe kana kwamba shamba halikutiwa maji na mtu. Kwa hiyo nyufa za shamba lenye mfereji hutafutwa katika daftari la mvua na katika shamba jirani lisilo na mfereji. Juni hadi Septemba mvua ni kidogo; Januari na Februari vilevile; siku za nyufa hupita 90, na udongo huingia katika kundi la Usterti, udongo wa nchi yenye majira ya mvua na majira ya kiangazi.

Kuchelewa kwa maji kupenya, ambako ni balaa kwa mahindi, kwa mpunga ni akiba. Mashamba ya Mwea yalianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la watu waliokuwa kizuizini. Maji yalivutwa kutoka mito ya Thiba na Nyamindi, na mwaka 2022 Bwawa la Thiba lilifunguliwa ili kuongeza maji ya kiangazi. Yakisimama juu ya udongo uliokwisha kuvimba, maji hayo hupotea chini kidogo sana. Hata hivyo mbolea hapana budi ichaguliwe kwa akili. Mbolea ya CAN, ambayo nusu ya nitrojeni yake ni nitrati, haifai kumwagwa katika shamba lililofurika, kwa kuwa ndani ya tope lisilo na hewa nitrati hugeuka gesi na kupaa, na fedha ya mkulima hupaa nayo. Salfati ya amonia na urea, zikichanganywa vema na udongo, hudumu zaidi.

Anayetaka kujua habari za shamba lake na achukue udongo mahali 15 au 20, kwa kina cha sentimita 20, akiepuka vichuguu, zizi la ng'ombe na mahali palipolundikwa samadi. Auchanganye wote katika ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, achukue nusu kilo tu, aianike kivulini na kuandika jina la shamba, tarehe, na zao lililovunwa mwisho. Anayekusudia kujenga nyumba juu ya udongo mweusi anahitaji sampuli nyingine, iliyochimbwa chini zaidi, kufikia mahali msingi utakapokaa. Na kazi hiyo ifanywe kabla ya mawe kununuliwa.