Nesi Anayeongoza Huduma ya Watoto wenye Kisukari

Ninyi mlio Malampaka karibu na stesheni ya reli, na ninyi mlio Maswa, Bariadi na kwingineko, kaeni vizuri. Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Hesabu hiyo ni ya uhai wa mtoto.

Wengi wetu twamjua nesi kuwa ni mtu wa kuchoma sindano na kufunga vidonda. Leo tutamtazama nesi mwenye kazi kubwa zaidi: nesi anayeongoza huduma ya watoto wenye kisukari.

Kisukari cha watoto ni nini?

Chakula tulacho, kama ugali au michembe, hugeuka kuwa sukari katika damu. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa dawa ya asili ya mwili, nayo huitwa insulini. Insulini huiingiza sukari ya damu katika mwili ili itupe nguvu.

Watoto wengi wenye kisukari wana kongosho lililoacha kutoa insulini. Sukari hubaki katika damu, kisha hutoka na mkojo. Mtoto hukojoa mara nyingi, na pengine hurudia kukojoa kitandani. Hunywa maji kupita kiasi. Hula, lakini hukonda. Pengine mama huona sisimizi wamekusanyika mahali alipokojoa.

Wako wasemao kwamba mtoto huyo alikula sukari nyingi. Si kweli. Wako wasemao kwamba amerogwa. Si kweli pia. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto huyu anahitaji insulini ya sindano kila siku, maisha yake yote. Hakuna mzizi wala kidonge kinachoweza kushika mahali pake.

Zamani mtoto wa namna hii hakuishi muda mrefu. Kisha, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini mjini Toronto, nchini Kanada. Mwezi Januari 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Tangu hapo ugonjwa huu si hukumu ya kifo, ikiwa dawa ipo na ikiwa yuko mtu wa kuisimamia.

Katika nchi yetu, Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa mwaka 1985. Tena uko mpango wa kuwasaidia watoto wenye kisukari ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, nayo Tanzania imo katika nchi zake. Lakini insulini ikifika nchini haijamfikia mtoto. Kati ya bohari na mkono wa mama, anahitajika nesi.

Kazi za nesi kiongozi

Kazi ya kwanza ni kuwafundisha wenzake. Mtoto mwenye kisukari akizidiwa hutapika, hulegea, huumwa tumbo na kupumua kwa nguvu. Usiku, katika kituo cha afya, ni rahisi kusema, "Hii ni malaria." Akitundikiwa dripu ya maji ya sukari, hali yake huzidi kuwa mbaya, na anaweza kufa kabla ya asubuhi. Kwa hiyo nesi kiongozi huweka sheria moja: kila mtoto aliyelegea au anayetapika sana apimwe sukari. Tone moja la damu latosha, na jibu hutoka kwa muda mfupi sana.

Kazi ya pili ni daftari. Ndani yake huandikwa jina la kila mtoto, kijiji chake, kipimo cha dawa yake, na siku ya kurudi. Siku ya kliniki ikipita na mtoto hakuja, nesi hangoji. Hupiga simu, au hutuma habari kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Pengine ni msimu wa kuchuma pamba, na wazazi wako shambani. Pengine nauli imekosekana. Siku chache bila insulini zinaweza kumwua mtoto.

Kazi ya tatu ni kuhesabu dawa. Sasa shikeni kalamu.

Chupa moja ya insulini ina yuniti 1,000. Mtoto mdogo atumia yuniti 20 kwa siku. Chupa yamtosha siku ngapi? Gawanyeni 1,000 kwa 20. Mtapata siku 50. Lakini ngojeni! Chupa ikisha kufunguliwa, hutumika kwa wiki nne tu, yaani siku 28. Baada ya hapo hutupwa, hata kama dawa imebaki. Basi mwaka wa siku 365, ukigawanywa kwa 28, ni chupa 13 na siku moja zaidi. Kwa hiyo nesi huagiza chupa 14 kwa mtoto huyo.

Sasa kijana atumiaye yuniti 40 kwa siku. Chupa yake yaisha kwa siku 25. Kwa mwaka anahitaji chupa 15. Mwenye kuagiza bila hesabu hii atawaacha watoto bila dawa kabla mwaka haujaisha.

Kazi ya nne ni kufundisha nyumbani na shuleni. Mama hufundishwa kuvuta dawa katika bomba dogo la sindano na kubadili mahali pa kuchoma. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa katika jokofu, lakini isigande. Chupa inayotumika, ikiwa nyumbani hakuna jokofu, hutiwa katika mfuko usiopitisha maji, kisha huwekwa ndani ya chungu. Chungu hicho huwekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, na katikati hujazwa mchanga wenye maji. Vikae kivulini penye upepo. Hii ni akili ileile ya mtungi wa maji ya kunywa.

Mwalimu wa shule naye hufundishwa. Mtoto aliyechomwa sindano kisha akachelewa kula anaweza kupungukiwa na sukari. Hutetemeka, hutoka jasho, hana makini, hata huonekana kama mlevi. Asipigwe wala asiambiwe mvivu. Apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Angojee dakika 15, na kama hajapata nafuu apewe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali upesi.

Kazi ya tano ni kujua mwisho wa uwezo wake. Nesi wa kituo cha afya huwa na namba ya simu ya daktari wa Maswa au Bariadi, na njia ya kumfikisha mgonjwa Bugando, Mwanza, hali ikizidi. Kuomba msaada mapema si aibu.

Nasi tufanye nini?

Ndugu wanafunzi, nesi peke yake hawezi. Mkimwona mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu kubwa na anayekonda, mwambieni mzazi ampeleke akapimwe leo, si wiki ijayo. Mtoto mwenye kisukari akiwa na homa, msimwachishe insulini. Mpelekeni kwa nesi. Na wewe uliyejifunza kusoma, msaidie jirani asiyejua kusoma alama za bomba la sindano. Kosa la mistari michache ni kosa kubwa.

Maswali

1. Taja dalili tatu za kisukari cha watoto.
2. Kwa nini chupa ya yuniti 1,000 haitumiki siku 50?
3. Mtoto atumia yuniti 50 kwa siku. Chupa moja yamtosha siku ngapi?
4. Mwalimu afanye nini mtoto akitetemeka na kutoka jasho darasani?

Jibuni katika madaftari, kisha msomeane majibu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.